Kamati ya Weupe wa Maji

Mwaka 1954 ilitangazwa rasmi, kwa ngoma na kwa tarumbeta, kwamba katika milima yote ya Masisi, huko Kongo, maji ya kijani yamepigwa marufuku. Bwawa lolote la samaki litakaloonekana kijani litakaushwa hadharani, na samaki wake watagawiwa raia waliotii. Bwana Agronome, mtaalamu wa kilimo wa Kibelgiji aliyewaleta samaki hao, alikuwa amegundua kwamba kijani ni uchafu.

Kapita Nzabandora, mnyapara wa kijiji cha Lushebere, akateuliwa mwenyekiti wa Kamati ya Weupe wa Maji, akapewa na kofia. Shida yake ilikuwa moja tu. Binti yake Godelieve alikuwa anaolewa, wakwe wa Walikale walishaahidiwa samaki, na bwawa la mkewe Verdiane lilikuwa kijani kama sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kila alipofagia zizi, Verdiane alitupa humo mavi ya ng'ombe na majivu, kama wanawake wote wa Lushebere. Kwamba mbolea hiyo inalisha vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijimea vinalisha samaki, ni jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda.

Nzabandora akaanzia nyumbani kwake. Mavi ya kijiji kizima yalizolewa yakapelekwa mahali palipoidhinishwa, kilimani nyuma ya nyumba ya Bwana Agronome, mbali kabisa na mabwawa ya raia. Maji yakawa meupe pe. Mbavu za samaki zikaonekana kutoka ukingoni.

"Papa Godelieve," Verdiane alimwambia, "batu ya Walikale banakuja kula samaki, ao banakuja kula kofia yako?"

Kapita aliwaza aibu ya kuwalisha wakwe maharage matupu, roho ikamuuma.

Mvua ikanyesha bila kuomba kibali. Samadi ikateremka kutoka kilimani, ikaingia katika bwawa pekee lililokuwa chini yake, la Bwana Agronome mwenyewe. Maji yakageuka kijani kizito, na samaki wakanenepa hadi wakawa wanapigana vikumbo.

Ndipo mkubwa wa serikali kutoka Bukavu alipokuja kukagua. Alisimama pale ukingoni, akauliza sheria inasemaje. Nzabandora akavua kofia, akaisema yote. Mkubwa akajibu kwamba sheria ni sheria.

Bwawa likakaushwa siku hiyohiyo. Raia wakapanga mstari na vikapu, Verdiane mbele, na Nzabandora akagawa samaki kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. Mwishoni akatokea Bwana Agronome na sahani yake.

"Pardon, Bwana," kapita akamwambia kwa heshima zote. "Hii samaki iko ya benye mayi meupe. Mayi ya Bwana iko kijani."