Wekundu wa Kihamba cha Kornelia

Evaristo wa mtaa wa Pasua aliokota riziki kwenye kapu la takataka la duka la fotokopi. Ilikuwa picha ya satelaiti ya miteremko ya Kilimanjaro, yenye buluu, njano na wekundu uliokolea. Mwanafunzi mmoja aliitupa kwa sababu wino ulivuja pembeni. Evaristo hakuona wino. Aliona ng'ombe.

Kesho yake akapanda hadi Kibosho amevaa kofia ya injinia, mpaka kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Kornelia, mjane mwenye migomba mingi na zizi safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Kila mwamba una mwanga wake," alisema akiifunua picha. "Jua likiupiga, unaurudisha, satelaiti inausoma. Udongo wa mfinyanzi husomeka hivi, mchanga vile. Sasa tazama kihamba chako, chekundu chote. Hayo ni madini."

"Yesu wangu," alisema Kornelia kwa upole. "Nawe unataka nini?"

"Ada ya upimaji tu. Ndama yule."

Kornelia aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko Evaristo alivyopenda. Akaingia ndani, akatoka na jiwe jeusi lenye chembe za kijani zinazometa. "Mawe kama haya nayakuta nikilima nyuma ya zizi. Ndiyo yenyewe?"

Evaristo akalipokea, akaligeuzageuza. Miaka kumi na miwili ameuza uongo, na hakuna aliyewahi kumthibitishia kuwa ni kweli.

"Ndama baki naye, mama. Niruhusu tu nichimbe hapo."

"Chimba. Ila shimo liwe la mviringo, la kina cha mita mbili na nusu, lisije likabomoa zizi. Utakachopata ni chako."

Alichimba siku sita, akila ndizi na kunywa maziwa ya mwenye shamba. Siku ya saba fundi Hosea akafika na saruji, akachungulia.

"Mwalimu, shimo la bayogesi limekaa vizuri."

"Mwalimu?" sauti ya Evaristo ikatoka chini.

"Nimefundisha jiografia miaka thelathini," alisema Kornelia. "Wekundu ule ni majani ya migomba, baba; picha za namna hii huyaonyesha majani mabichi kwa rangi nyekundu. Satelaiti husoma kilichopigwa na jua. Chini ya majani haioni kitu."

"Na jiwe?"

"Lava ya mlima. Chukua, tulikubaliana."

Evaristo akatoka shimoni, akakataa chai, akashika njia. Hosea akamfuata mpaka barabarani.

"Ndugu, nina mashimo mengine mawili ya kuchimbwa kule Uru. Unachukua siku ngapi?"

Evaristo aliyatazama malengelenge yake, akaiweka sawa kofia.

"Inategemea," alisema. "Udongo wa huko ni wa aina gani?"