Ule Ukurasa wa Mwisho wa Kapteni Kimondo

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mitambo yako ya kuchapia. Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma toleo lenu jipya la vitabu vya katuni vya Kapteni Kimondo, vile vya zamani tulivyovisoma utotoni, na kwa heshima zote naomba mviondoe madukani. Sababu zangu ni hizi:

1. Mavazi. Ukurasa wa tano Kapteni anachaniwa joho na mamba wa umeme. Ukurasa wa sita joho ni zima, halina hata kiraka. Nani kalishona? Hatajwi! Tena kavaa chupi juu ya suruali. Utotoni sikujali, lakini sasa nina wateja. Mhasibu mmoja, mtu mzima na kipara chake, ameniletea suruali ya kazini akitaka nimtengenezee vivyo hivyo.

2. Ujirani. Huyu bwana hajui mlango ni nini. Kila akiingia mahali, ukuta chini. Anaokoa mji, wenye nyumba wanalala nje, na bado wanampigia makofi.

3. Dakta Ukungu, adui yake, anaonewa. Ndiye pekee mwenye kazi ya kueleweka: anaamka mapema, ana ofisi, ameajiri watu na kuwashonea sare. Kapteni anashinda akielea hewani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwenu mchumia juani hupigwa ngumi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mimi na kaka yangu, fundi wa mageti, tulikuwa na nakala moja tu, ile Kapteni anafungiwa ghalani na Dakta, nayo haikuwa na ukurasa wa mwisho. Alitokaje? Kaka anasema alivunja dari. Mimi nasema Dakta alimhurumia akamfungulia. Tumebishana tangu tukivaa kaptura mpaka leo tuna wajukuu. Kila Jumapili kaka huja dukani kwangu, hukaa kwenye kigoda karibu na pasi, tunaanza. Mke wangu hutuambia, "Nyie wazee, mtazikwa na hilo ghala lenu!" Tangu shemeji afariki, kaka hana pengine anapokwenda.

Sasa ninyi mmeuchapa ule ukurasa. Kumbe mlango haukufungwa! Kapteni aliusukuma tu, akatoka. Kaka alisoma, akavua miwani, akasema, "Basi," akaenda zake. Jumapili mbili hizi kigoda ki kitupu. Nimemkosa kaka yangu, Ndugu Mhariri, na kaka hashonwi.

Kwa hiyo naomba nakala zote zirudishwe, ukurasa huo uchanwe, na mchoraji akane hadharani kwamba aliuchora. Waliokwisha kuusoma, serikali iwasaidie kuusahau.

Nisalimie wachapaji, wafagizi, na hata huyo mchoraji, ingawa sina raha naye.

Wako mtiifu,
Fundi Pindo

Tanbihi: Kaka ameingia sasa hivi, jasho linamtoka, mkononi ana kufuli. Anasema ukurasa wa tisa, kwenye mlango wa ghala, limechorwa kufuli kama hili, na likishabanwa halijiachii, kwa hiyo mwisho wenu ni uongo mtupu. Hajui kitu! Nautetea ukurasa wenu kwa nguvu zangu zote. Tafadhali msiguse hata nukta. Naishia hapa, ameshavuta kigoda.