Fomu ya Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na moja tangu nchi ijitoe kwenye Jumuiya. Nimesimama mlangoni pa bekari yangu tangu alfajiri, mikono kifuani. Gari la Shemeji halikupita. Ushindi! Shemeji ni kaka wa mke wangu. Ana bekari yake ng'ambo ya daraja, na kwa miaka sita amekuwa akivusha mikate laini kuliko yangu na rahisi kuliko yangu, tena huku akinipigia honi ya salamu. Ndiyo maana nilizunguka na kipaza sauti kuhimiza watu wapige kura ya kutoka. Mtaa mzima sasa unaniita Tutoke. Basi, tumetoka.

Kasoro ni moja tu. Mke wangu alikuwa amevuka kwenda kumuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Juzi Jumamosi alirudi, akakuta kizuizi katikati ya daraja. Yeye ni mzaliwa wa kule, na kwa miaka ishirini na minne aliyoishi hapa hakuwahi kuomba uraia, maana kadi ya Jumuiya ilitosha. Afisa alimwambia kadi hiyo haina kazi tena. Mimi nilikuwa upande huu, yeye upande ule na kikapu chake. Nilimwambia ni suala la siku mbili. Akajitwika kikapu, akarudi kwa mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Nimeoka mwenyewe. Lawama zote kwa hamira. Zamani ilitoka ng'ambo, hii ya sasa sijui wanaitoa wapi. Mikate imekuwa bapa, na mmoja ulioanguka umevunja kigae cha sakafu. Binti yetu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana mdomo, alitafuna kipande kwa muda mrefu, akaomba maji, akasema Baba, mrudishe mama. Nikamweleza kwamba nchi inayoanza upya lazima ipate misukosuko. Akasema nchi ni ileile, kilichobadilika ni mkate.

Alhamisi, 6 Machi

Ofisi ya uhamiaji. Foleni mpaka nje, benchi moja, feni haizunguki. Karani ni mteja wangu wa zamani. Kaniambia sheria ya wake na waume wa kigeni bado haijaandikwa. Kwa sasa mgeni anaruhusiwa kuishi hapa ikiwa tu anajua kazi ambayo wenyeji hawaijui. Nikamuuliza ni mpumbavu gani aliyebuni sheria hiyo. Akanikumbusha, kwa heshima zote, kwamba niliitangaza mimi mwenyewe sokoni, naye alikuwa mstari wa mbele akipiga makofi.

Nikapewa fomu. Kipengele cha tisa: kazi ya mwombaji. Nikaandika, msaidizi wa mwokaji. Ningeandika nini? Mwokaji mkuu ni mimi, na kibao cha bekari kinasema hivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata njia ya mkato. Nimekwenda darajani, nikamuuliza afisa wa forodha iwapo kitu kilichotoka hapa kwetu kinaweza kurudi bila kibali. Akasema naam, mradi kiwe na stakabadhi ya kutokea. Roho ikatulia. Akauliza ni bidhaa gani. Nikamwambia ni mke. Akaomba stakabadhi. Waliokuwa nyuma yangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumatatu, 10 Machi

Ombi limekataliwa. Sababu: wasaidizi nchini wako tele. Na ili kuthibitisha, ofisi imeniletea mmoja mchana huohuo, mzee mstaafu wa posta, mwenye miwani na aproni mpya. Alikunja mikono ya shati akasema yuko tayari kufundishwa kukanda unga. Tukatazamana. Nikamwambia mafunzo huanza na ufagio. Amefagia vizuri sana, akamaliza, akaja tena kusimama mbele yangu.

Jumatano, 12 Machi

Karani ametoa fomu ya pili, na ni ya mwisho. Ikikataliwa, mwaka mzima hakuna kuomba tena. Binti aliiweka mezani, akakaa mbele yangu kama anasimamia mtihani, akasema Baba, leo andika ukweli.

Kalamu ilikuwa nzito. Nimekumbuka miaka ishirini na minne. Anaamka peke yake, anakanda, anageuza kila mkate na kuugonga chini kwa kidole, anatega sikio, kisha anajua kama umeiva. Mimi niko kitandani nasubiri harufu. Kisha naamka, navaa shati safi, nafungua mlango, napokea sifa. Na mtu huyo ndiye niliyemfungia njia, kwa sababu ya wivu wa mikate ya kaka yake. Nimejuta. Sijapata kujuta hivi tangu nizaliwe.

Nimeandika: Mwokaji ni yeye. Mimi sijui hata kiasi cha chumvi. Hii bekari ni yeye, na nyumba ni yeye. Binti alisoma, akaniwekea mkono begani, akatoka.

Ijumaa, 14 Machi

Kibali kimetoka! Kimeandikwa Mtaalamu Adimu, na muhuri juu. Kimepelekwa kwake kupitia ofisi ya darajani.

Lakini hawakuniambia jambo moja. Fomu iliyokubaliwa hubandikwa ubaoni siku saba, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nilipopita, nilikuta umati. Mzee wa posta alikuwa anawasomea kwa sauti, pole pole, bila kuruka hata nukta. Alipofika kwenye chumvi, muuza viatu mmoja alikaa chini kwa kicheko. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Jioni nikampigia mke wangu simu. Alikuwa ameshaambiwa habari za ile fomu, akaniomba nimsomee mwenyewe. Nikamsomea. Akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba ameingoja sentensi hiyo tangu binti anatambaa. Akasema Jumapili saa kumi atakuwa darajani, hata mizigo ameshaanza kufunga.

Hapo ningekata simu. Lakini nilikuwa bado naisikia ile sauti ya mzee wa posta. Nikamwambia asiyatie maanani sana yale maneno, yalikuwa ya karani tu, ili kibali kitoke. Akauliza, ya karani? Nikasema ndiyo, ya karani. Akasema sawa.

Jumapili, 16 Machi

Nimefika darajani saa tisa, shati jeupe, viatu vimeng'aa. Saa kumi ikafika. Aliyekuja ni Shemeji, kwa miguu, peke yake.

Alinipa kibali mkononi. Akasema, shemeji, dada ameniomba nikurudishie hiki. Mama anaanza kutembea na fimbo, na dada kuanzia kesho anaoka kwangu, na jina lake litaandikwa mlangoni. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alinishika mkono kwa muda, akanipa pole kama watu wanavyopeana pole msibani, akarudi alikotoka.

Nimekaa kitandani, upande wangu. Upande wake sikuugusa. Binti amefunga mlango wa chumba chake, hataki kusemeshwa. Nimelia kidogo, siwezi kuficha.

Lakini nimetafakari, na kosa langu nimelibaini. Ni simu. Jambo zito kama lile halisemwi kwenye simu, sauti hukatika, mtu huelewa vibaya. Kesho alfajiri naomba kibali cha kuvuka, hata cha saa moja. Nitamkalisha chini, nimweleze taratibu, ana kwa ana, kwamba yale maneno yalikuwa ya karani tu. Akiniona usoni ataelewa.