Uzinduzi wa Kituo cha Watu Wote, Pasua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa sababu zisizozuilika hakufika na kwa hiyo mgeni rasmi ni mimi mwenyewe, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Utangamano, Ujumuishi na Ushirikishwaji wa Jamii, kwa kifupi KUUUJA, ambayo mwenyekiti wake ni mimi Filemon, waheshimiwa baba paroko na mchungaji, ambao katikati yenu tumeacha kiti kitupu kwa ajili ya uwiano, wazee wetu, shikamooni (Marahaba!), wafanyabiashara wa Holili mlioacha mizigo mpakani, wakulima wa mpunga wa Chekereni mliopanda kutoka tambarare, na wa kahawa mlioshuka kutoka mlimani, kina mama wauza ndizi mliosimama kwa sababu viti vimekwisha, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mtu anapiga miayo.)

Ndugu wananchi, naomba nianze kwa kuanza. Mji wetu ni mji wa watu mbalimbali, na umbalimbali huo haukuja wenyewe, bali umeletwa na dira, mikakati na loji fremu ya kamati yangu, kwani kabla sijachukua uenyekiti, wote hapa mlikuwa watu tu. Leo, mwaka huu wa 2002, mmekuwa makundi. (Makofi ya wajumbe.) Katika warsha yetu ya siku tatu, ambayo ilifanyika kwa saa mbili ili kubana matumizi, tulishirikisha wananchi mia nne na ishirini.

(Sauti: "Viti vilikuwa sabini!")

Nani huyo? Asimame tumuone. Aa, Mzee Ndelilio, fundi seremala, ambaye ndiye aliyetukodishia viti. Asante, mzee wangu. Viti vilikuwa sabini kweli, lakini wewe unahesabu makalio na sisi tunahesabu makundi. Mchukulie Mama Salvina, muuza ndizi, aliyesimama hapo mbele. Ni mwanamke: mmoja. Ni mjane: wawili. Amevuka miaka sitini: watatu. Nyonga yake ya kushoto ina hitilafu: wanne. Amezaliwa Chekereni akaolewa Kibosho, maana yake ni wa tambarare, wa tano, na ni wa mlimani, wa sita. Sita mara sabini ni mia nne na ishirini. Hesabu imekaa. (Kicheko. Mama Salvina: "Mbona soda nilipewa moja?") Soda, mama, ziligawiwa kwa kichwa.

Nirudi kwenye kiini. Miaka miwili na miezi minne iliyopita, kina mama kumi na wanane mliokuwa mkiuza ndizi na mchele kwenye kiwanja hiki kilichozungushiwa mabati, mliombwa kwa heshima zote, kwa barua na kwa mgambo watano, kupisha ujenzi wa Kituo cha Watu Wote. (Mama Salvina: "Barua sikuiona. Mgambo niliwaona!") Mkahamishiwa kwa muda kando ya mtaro, katika mazingira wezeshi yenye maji ya kutosha. (Kelele. Mama Salvina: "Maji gani? Wateja wananunua wameshika pua! Hapa nilikuwa namaliza mikungu sita kwa siku, kule mmoja haumaliziki. Nirudishie mahali pangu, Filemon, kituo chako sikihitaji.") Maoni yamepokelewa, yatachakatwa. Maoni ni ushahidi kwamba ushirikishwaji upo, na mkilalamika zaidi tutapanda daraja.

Sasa, kama ishara ya utangamano, mshauri mwelekezi wetu kutoka Dar es Salaam amechagua mmea wa kienyeji, wa kijani, usionyauka haraka mbele ya kamera. Mama Salvina, pita mbele upokee jani hili kwa niaba ya makundi yako yote. (Mama Salvina anapokea kwa mikono miwili. Mnong'ono: "Isale! Mae! Kampa isale!") Mbona hampigi makofi?

(Mzee Ndelilio: "Filemon, wewe ni mzaliwa wa Kibosho, usijifanye mgeni. Mtu hampi mwenzake isale mbele ya watu bila kuwa anamwomba radhi. Aliyepewa hawezi kukataa kusamehe. Na aliyetoa lazima ataje kosa lake na alirekebishe. Taja.")

Mzee wangu, kwa heshima na taadhima, jani hili limo kwenye ratiba, kipengele namba tisa, mapambo... (Mama Salvina: "Mimi nimeshakusamehe, mwanangu. Nataka tu kujua nimesamehe nini." Kicheko kirefu.)

Vema. Kwa kuwa mila zetu ni nguzo ya ujumuishi, na kwa kuwa njia ya kutokea imezibwa na wazee, natamka kwamba kosa ni kuchelewa kwa kipaza sauti. ("Hilo siyo!") Basi ni ile soda kutokuwa baridi. ("Dogo!") Ni mgambo kukanyaga mikungu mitatu. (Mama Salvina: "Minne!") Minne, takwimu imerekebishwa. ("Endelea!")

Ndugu zangu, naomba mnielewe kitaalamu. Kulikuwa na shindano la Mji Shirikishi, na kwenye fomu, swali namba kumi na moja liliuliza kama makundi maalumu yametengewa eneo. Ukijibu ndiyo, alama kumi. Sasa mimi si mtu wa kusema uongo kwenye fomu. Ili tujibu ndiyo, ilibidi eneo litengwe. Ili litengwe, ilibidi liwe tupu. Na ili liwe tupu... ("Mkatutoa sisi!") Mkapisha, kina mama, mkapisha kwa njia shirikishi, na mji wetu ukashika nafasi ya pili kati ya miji mitatu. (Wajumbe wanaanza kupiga makofi, wanaangaliana, wanaacha.)

(Mzee Ndelilio: "Na jengo?")

Jengo litaguswa kwenye shukrani. Kwanza kauli mbiu. Utangamano! Ujumuishi! ("Kiwanja!") Ushirikishwaji! ("Kiwanja chetu!") Nashukuru kwa mwitikio.

Nahitimisha kwa kushukuru. Namshukuru mpiga picha aliyetutolea ile picha ya ghorofa nne iliyo kwenye bango, kutoka kwenye kalenda ya hoteli moja ya ufukweni, ndiyo maana ina minazi. Namshukuru mshauri mwelekezi, ambaye hakuchora ramani yoyote kwa kuwa hakuombwa. Nawashukuru wafadhili, ambao hatukuwahi kuwaandikia na kwa hiyo hawajawahi kutukatalia. Na kwa namna ya pekee kabisa, namshukuru Bwana Melkior, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyetuazima mabati haya thelathini na mawili kwa wiki mbili akavumilia hadi leo, na ambaye namwona amekuja na nyundo yake. Bwana Melkior, aika, asante. Kituo chote ni mali yako, unaweza kukibeba.

(Bati la kwanza linang'oka. La pili. Nyuma yake ni nyasi za kufika kiunoni na mbuzi wa mtu. Mama Salvina anaingia akichechemea, mkungu kichwani, anasimama mahali pake pa zamani na kuchomeka isale ardhini. Kina mama kumi na saba wanamfuata.)

Mama Salvina, samahani, hilo jani hapo kwenye kona umeliweka kama pambo au kama mpaka?

("Mpaka, baba.")

Basi katibu, andika kwenye muhtasari kwamba Kituo cha Watu Wote kimefunguliwa rasmi saa sita na dakika ishirini, na kwamba walengwa wameingia wenyewe, jambo linaloonyesha umiliki wa mradi katika ngazi ya jamii. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayemsikiliza. Wanauliza bei ya mkungu.)