Spidi ya Kuteremka

Bango lilisomeka: VYUMBA VIPO, INTANETI INAKUJA. Badru akatabasamu peke yake. Inakuja wapi tena? Imeshafika, ameibeba begani!

Kule Mkuza, Kibaha, alikuwa ameuza visanduku vya intaneti mpaka akawa anapita vichochoroni kwenda kunywa chai, akiwakwepa wateja. Mteja mmoja, Tito, aliapa kumfuata popote. Ndiyo maana Badru alikuwa Kisarawe asubuhi hii na kisanduku chake cha mwisho, akitafuta usafiri wa kumpeleka mbali. Na pale getini pa nyumba ya wageni, juu ya kilima, iliegeshwa pikipiki nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bi Zubeda, mwenye nyumba.

Badru akaweka kisanduku mezani na simu yake ubavuni kabisa, wageni wote wakiwa wametoka. Akabonyeza kipimo cha spidi. Mshale ukapanda mpaka tisini.

"Hapo umelamba dume, mama!"

"Tukapime na chumba cha mwisho."

"Ya nini? Kipimo ni kipimo."

"Na jioni, wageni wote wakirudi?"

"Intaneti haijui jioni, mama."

Bi Zubeda akamtazama kidogo. "Hela sina, mwanangu. Labda tubadilishane na hiyo pikipiki ya marehemu mume wangu."

Badru nusura apige kelele za furaha. Lakini mtoto wa mjini haingii mkenge kizembe, akadai aijaribu kwanza.

"Ijaribu. Teremka mpaka dukani kule bondeni, nakuja na kadi yake."

Pikipiki ikaruka! Badru alifika bondeni akicheka kwa sauti, akapokea kadi, akaaga haraka kabla mama hajabadili mawazo.

Mbele ya duka barabara ilianza kupanda. Pikipiki ikakohoa, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima tena. Akaisukuma mpaka shati likalowa, kisha akampigia Bi Zubeda kwa video.

"Mama, hii haipandi mlima!"

"Uliipima wapi?"

"Nikiteremka."

"Basi itumie ukiteremka. Kipimo ni kipimo."

"Nirudishie kisanduku changu!"

"Hiki? Kinanitosha mwenyewe hapa mezani, yale maneno ya intaneti bangoni nimeshayafuta. Halafu kuna mgeni kutoka Mkuza, anaitwa Tito. Amekiona kisanduku, anakuulizia."

Badru akatazama mlima wa mbele, akatazama wa nyuma. "Umemwambiaje?"

"Nimemwambia hujafika mbali."