Mahaba ya Mama Mkwe

Habari ilifika barazani kwa Fakihi, muuza kahawa wa Mtoni, kabla kahawa haijachemka: posa ya Kamugisha imekataliwa. Ulikuwa mwaka wa kutawazwa Malkia wa Mwingereza, na sie tulikuwa tumejiandaa kubishana juu ya uzito wa taji lake. Taji likasahaulika.

Kamugisha, kijana wa Bukoba tuliyemwita Bwana Karani kwa kazi yake ya bandarini, akaja na suruali iliyopigwa pasi na uso wa msiba.

"Umemwambia nini mzee wa watu?" akauliza Apolinari, ambaye kwa kupenda kusahihisha wenzie tulimwita Katekista.

"Mzee sikumwambia kitu. Nilimshukuru mama. Nilisema, 'Mama, tangu nianze kuja hapa nimeyaona mahaba yako, nami naahidi kukurudishia mahaba hayo hayo.'"

Fakihi akaweka dele la kahawa chini. "Mbele ya mumewe?"

"Alikuwa kakaa katikati yetu."

Tangu hapo Mzee Marselino, baba wa binti, alikuwa hasemi na mkewe ila kumuuliza jambo moja: mahaba gani kijana kayaona. Sesilia, mchumba mwenyewe, analia tu. Na jioni ile Kamugisha ameambiwa akachukue vitu vyake vya posa.

"Nani kakufundisha neno hilo?" Apolinari akauliza.

Kamugisha akamtazama Marijani, fundi cherehani aliyejiita Malenga, ingawa hakuna aliyewahi kusikia shairi lake.

"Alitaka neno zito kuliko upendo, nikampa," Marijani akajitetea. "Sikujua anampelekea mama mkwe."

"Ungemwambia ni la chumbani," Apolinari akasema.

"Ni neno la heshima. Nyie wa bara mna kupenda, basi. Mnampenda Mungu, mnampenda jirani, mnapenda ndizi. Mkifika kwa mwanamke, mnamwambia lile lile la ndizi."

"Na nyie mna mahaba, mna huba, mna nyonda, mna ashiki," Apolinari akasema, "na kila wiki mko kwa kadhi mnaachana."

Marijani akanywa kahawa ya mtu mwingine.

"Tuseme ulimi uliteleza," Fakihi akashauri. "Alitaka kusema marahaba."

"Kijana amwambie mama mkwe marahaba?" Apolinari akamkatalia. "Hapo ndipo atapigwa."

Kamugisha akasimama. "Mie nakwenda. Mwenye neno lake anifuate."

Tukamfuata wote. Tulimkuta Mzee Marselino uani, anachonga kinyago kwa tezo. Tukamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho.

"Mzee, kosa ni langu," Marijani akaanza. "Neno nilimpa mie."

"Lina maana gani? Sema, mke wangu yuko jikoni anasikia."

Marijani akajifuta jasho. "Ni kumtakia mtu mema, mzee. Sana. Kwa karibu."

"Karibu kiasi gani?"

Hapo Filomena, mke wa mzee, akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mwache fundi wa watu," alisema. "Kijana alikosea neno, nami nilijua pale pale. Nilichompa ni wali, na wewe uliula pia. Lakini wewe, baba Sesilia, hujawahi kukosea neno kama hilo kwangu. Utakosea vipi, na hujawahi kusema lolote?"

Tezo ikasimama. Sesilia alikuwa mlangoni, ameacha kulia. Mzee akapuliza vumbi kwenye kinyago, akakigeuza, akapuliza tena palipokuwa pameshakuwa safi.

"Harusi itakuwa baada ya Pasaka," akasema mwishowe. "Na wewe kijana, kwa mama yako sema asante. Inatosha."

Kamugisha akaitikia kwa kichwa. Mdomo wake hakuuamini tena. Tukaaga. Tulipofika uzioni, mzee akaita, "Fundi, wewe baki kidogo."

Tukajifanya tunafunga kamba za viatu, mpaka Fakihi aliyekuwa pekupeku. Tukamsikia mzee akiuliza kwa sauti ya chini:

"Hilo neno, mume humwambia mkewe kabla ya kula, au wakishakula?"