Vita vya Dakika Arobaini

Kwa heshima natangaza kwamba vita vya mlimani, juu kidogo ya Mlali, vimekwisha rasmi. Kamati ya Ujenzi Mpya Baada ya Vita, ambayo mimi ni Katibu wake, iliketi Jumatatu kuamua nani ajenge upya kilichobomolewa.

Vita vyenyewe niliviona, wiki moja tu baada ya kuhamia kituo hiki nikiwa mtendaji wa kijiji. Kwenye msiba wa mzee Mansuri, kundi la watu lilizuia jeneza mlangoni likidai kuku. Kiongozi wao, bibi mmoja aitwaye Mwaisha, alivaa koti la marehemu akaiga kikohozi chake. Wafiwa wakacheka, nami nikajua hofu imewavuruga akili. Niliambiwa hao ni watani wa marehemu, ndiyo desturi yao. Kwenye taarifa niliandika "waasi".

Niliwaamuru mgambo wazitenganishe pande husika. Kwa weledi mkubwa, wakabomoa daraja la magogo la kuvukia kijito kati ya pande hizo. Amani ikapatikana palepale, dakika arobaini tu tangu vita kuanza, na kabichi za Mwaisha zikabaki ng'ambo zikinyauka, gulio likiwa Alhamisi.

Kikaoni Mwenyekiti wetu, Bwana Fransisko, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa kijiji, alitaka tusubiri wafadhili. Nilikataa. Nilisoma azimio langu: upande ulioharibu ujenge, viongozi wake wakiwa mbele, kwa mikono yao wenyewe, bila kutuma mtu, ili liwe fundisho. Tulipiga makofi, tukapiga na mihuri mitatu.

Mwaisha, aliyeitwa kikaoni kwa niaba ya waasi, aliomba lisomwe tena, taratibu. Nikasoma.

"Mwanangu," akauliza, "sisi tuliharibu nini?"

Nikapekua taarifa. Kuku mmoja, aliyeliwa.

"Na daraja?"

Nikafunua ukurasa wa pili, nikasoma kwa sauti: mgambo walilibomoa "kwa weledi mkubwa". Amri yao ilikuwa pale, na chini yake sahihi yangu na ya Mwenyekiti, zinasomeka vizuri sana.

"Basi mjiandae," akasema. "Kabichi hazina subira."

Leo ni Jumatano. Bwana Fransisko ameshika ncha moja ya gogo, mimi nyingine, maji yametufika magotini. Ukingoni Mwaisha amevaa koti langu la suti, anapita huku na huku akitamka "kwa weledi mkubwa" kwa sauti yangu kabisa, na kijiji kizima hakina mbavu. Anasema sasa nami ni mtani wake.

Naona dalili zote za vita vya pili. Ningeandika taarifa, ila sina mkono ulio huru.